Jini ipi inanifaa? Jibu kwa msomaji aliyechoshwa na majina ya chupa

Swali: "Ninaishi Mwanza, nina miaka 36, na kwa muda mrefu kinywaji changu cha Ijumaa jioni kimekuwa Konyagi na toniki. Tangu nihamie ofisi nyingine, wenzangu hubishana kuhusu Gordon's, Tanqueray, Bombay Sapphire na Hendrick's kama watu wanaobishania timu za mpira. Nimezionja zote kwenye sherehe kwa nyakati tofauti. Nikizinusa, zote zinanukia msonobari. Nikizinywa na toniki, naona ni kitu kimoja. Shemeji yangu anarudi kutoka London mwezi ujao na ameniuliza aniletee chupa ipi. Je, ipo iliyo bora kuliko zote? Bei kubwa ina maana yoyote? Na ni kweli kwamba jini husafisha figo, haiumizi kichwa kesho yake, na ikichanganywa na toniki huzuia malaria?"

Ndugu yangu, swali lako limebeba mambo mawili ambayo ni vizuri kuyatenganisha. La kwanza ni wasiwasi kwamba huenda ulimi wako una upungufu, kwa sababu wenzako wanaona tofauti pale ambapo wewe unaona kitu kimoja. La pili ni hesabu: fedha za shemeji zisiende bure. Nitaanza na la kwanza, kwa kuwa likieleweka, la pili litajijibu lenyewe kwa sehemu kubwa.

Ulimi wako hauna kasoro. Harufu ya msonobari uliyoinusa imo katika chupa zote nne, tena imo kwa mujibu wa sheria. Jini hutengenezwa kwa pombe kali isiyo na ladha yake yenyewe, aghalabu ya nafaka au ya molasi ya miwa, ambayo hutiwa ladha ya tunda la mreteni, kichaka cha nchi za baridi chenye vitunda vya buluu iliyokolea vinavyokaribia ukubwa wa punje ya njegere. Sheria za Umoja wa Ulaya na za Uingereza zinataka ladha ya mreteni iwe ndiyo inayotawala, na kileo kisipungue asilimia 37.5, Marekani inataka asilimia 40. Sasa, mreteni una kemikali iitwayo alfa-pineni, na kemikali hiyo hiyo imo kwa wingi katika utomvu wa msonobari. Mreteni katika jini ni kama bizari nyembamba katika pilau: wapishi watabishana kuhusu mdalasini, iliki na karafuu, lakini bizari ikikosekana chakula hicho kimeshabadilika jina. Kwa hiyo anayekuambia kwamba Tanqueray na Gordon's hazina undugu wowote wa harufu ndiye wa kutiliwa shaka, si wewe.

Nidokeze pia kwamba undugu huo umefika hadi kwetu. Mtarakwa, ule mti wa nyanda za juu za Kenya na wa milima ya Usambara ambao wengi wanaujua kwa nguzo za uzio na mbao za penseli, ni wa jenasi moja na mreteni wa Ulaya, na Nairobi kuna jini iitwayo Procera inayotengenezwa kwa matunda mabichi ya mtarakwa huo. Ni nzuri, lakini bei yake imepita ya jini nyingi zinazotoka ng'ambo, kwa hiyo siyo mahali pa kuanzia.

Kwa nini basi zote zilikuwa kitu kimoja zilipochanganywa? Kwa sababu ulichokuwa unaonja ni toniki. Kwenye sherehe zetu mhudumu humimina toti moja, yaani kama mililita 30, kisha huijazia chupa nzima ya toniki ya mililita 300. Hapo jini imekuwa sehemu moja ndani ya sehemu kumi na moja, na nguvu ya kinywaji kizima imeshuka hadi chini ya bia nyingi. Ndani ya glasi hiyo kuna sukari, kuna uchungu wa kwinini, kuna gesi inayochoma ulimi, na kuna barafu, ambayo huizuia harufu isipande puani. Mhudumu akishakamulia na kipande kikubwa cha limau, hata mimi ambaye kazi yangu ni kuwafundisha wahudumu wa baa nisingeapa kwamba nimetambua chupa iliyotumika. Ubishi wa wenzako, ikiwa wanakunywa kwa namna hiyo, ni ubishi wa lebo.

Tofauti halisi huanzia kwenye mtambo. Mtengenezaji huchukua pombe kali ile isiyo na ladha, akaipunguza nguvu kwa maji, akaiweka pamoja na mreteni na viungo vingine, kisha akaikeneka, yaani akaichemsha na kuupoza mvuke wake hadi urudi kuwa kimiminika. Mafuta ya viungo hayapandi kwa wakati mmoja. Yale mepesi ya maganda ya limau na machungwa hutangulia. Mreteni na mbegu za giligilani hufuata. Mizizi mizito, kama wa anjelika (mmea wa nchi za baridi wenye harufu) na wa urukususu, hujitokeza kuelekea mwisho. Anayesimamia mtambo huamua aanze kukusanya lini na aache lini, na uamuzi huo wa dakika chache hubadilisha ladha kuliko hadithi yoyote iliyoandikwa nyuma ya chupa. Akichelewa kuacha, harufu nzito za mwisho huingia na kinywaji kinakuwa na ladha ya majani yaliyochemshwa kupita kiasi.

Hapa niseme jambo ambalo watu wengi hulikosea. Maneno "London Dry" kwenye lebo hayasemi kwamba chupa imetoka London. Yanaeleza utaratibu: ladha yote iingie kwa njia ya kukeneka, hakuna rangi wala ladha inayoongezwa baadaye, na sukari isizidi chembe isiyoweza kuonjwa. Gordon's iliyoanzishwa na Alexander Gordon mwaka 1769, na Tanqueray iliyoanzishwa na Charles Tanqueray mwaka 1830, zote zilizaliwa London, lakini siku hizi zinakenekwa Cameronbridge huko Uskoti, chini ya kampuni moja. Beefeater ndiyo miongoni mwa majina makubwa ambayo bado inatengenezwa London yenyewe, mtaa wa Kennington.

Sasa nizipitie hizo nne zako. Tanqueray ndiyo ningemwonyesha mwanafunzi anayetaka kujua jini ni nini, kwa sababu viungo vyake ni vinne tu: mreteni, mbegu za giligilani, mzizi wa anjelika na urukususu, ule mzizi mtamu unaouzwa kwenye maduka ya dawa za asili. Hakuna limau wala chungwa ndani yake, ingawa wengi huapa kwamba wameonja limau. Harufu hiyo hutoka kwenye giligilani. Ni kavu, imenyooka, na mreteni wake hauna aibu. Gordon's ina tabia inayokaribiana nayo, lakini chupa inayouzwa Uingereza ina asilimia 37.5 tu ya kileo, na upungufu huo unaonekana mara tu maji au toniki inapoingia. Sababu ni kwamba mafuta ya harufu huyeyuka katika kileo na si katika maji, hivyo jini yenye kileo kingi zaidi inaweza kubeba mafuta mengi zaidi bila kuyaacha yajitenge. Ndiyo maana pia jini nyingine hupata ukungu mweupe ukitia maji au barafu. Huo si uchakachuaji, ni mafuta yaliyopoteza mahali pa kujishikiza.

Bombay Sapphire, iliyoingia sokoni mwaka 1987, inatumia njia tofauti. Viungo vyake kumi haviloweshwi. Huwekwa kwenye kikapu juu ya mtambo, mvuke wa pombe ukapita katikati yake na kuchukua harufu kidogo kidogo. Matokeo yake ni jini laini, yenye limau na pilipili za mbali, ambayo mreteni wake umerudi nyuma hatua moja. Anayelalamika kwamba jini inanukia dawa mara nyingi huridhika nayo. Hendrick's ya Uskoti, ya mwaka 1999, imekwenda mbali zaidi: baada ya kukeneka huongezwa kiini cha tango na cha waridi, na kwa sababu hiyo haiwezi kuitwa "London Dry" hata kama ni jini kamili. Maoni yangu kuhusu Hendrick's ni kwamba ni kinywaji kilichotengenezwa kwa ustadi, lakini waridi lake ni la kupendwa au kuchukiwa tangu mara ya kwanza. Ikiwa sharubati ya waridi hukuchefua, usijilazimishe kwa sababu wenzako ofisini wanaisifu.

Kuhusu Konyagi, usikubali mtu akuaibishe. Ni pombe ya molasi ya miwa yenye asilimia 35 ya kileo, hivyo kwa vipimo vya Ulaya isingeruhusiwa kuitwa jini, na harufu yake ya mreteni haitawali kama katika chupa hizo nyingine. Ni kinywaji cha namna yake. Inakusaidia kujua jambo moja kukuhusu: umezoea pombe nyeupe, kavu, isiyo na manukato mengi. Mtu wa namna hiyo kwa kawaida hapendi kuanza na jini za maua.

Bei, kwa kifupi, huanza kusema kweli kisha ikadanganya. Ukitoka kwenye chupa ya bei ya chini kabisa na kupanda ngazi moja, kwa kawaida unapata kileo zaidi na mkenekaji mwangalifu zaidi, na tofauti hiyo unaionja. Ukizidi kupanda, sehemu kubwa ya fedha yako inaenda kwenye kioo cha chupa, matangazo, ushuru na uchache. Idadi ya viungo nayo haipimi ubora: Monkey 47 ya Ujerumani ina viungo 47, Tanqueray ina vinne, na zote mbili zinaheshimiwa na watu wanaojua kazi. Angalia pia ujazo kabla ya kulinganisha bei, maana Monkey 47 huuzwa katika chupa ya mililita 500, si 700.

Nije kwenye mambo ya afya, ambayo nisingependa yapite bila kujibiwa. Jini haisafishi figo. Unakojoa sana kwa sababu kileo huuzuia ubongo kutoa homoni ya vasopresini, inayoziambia figo zirudishe maji mwilini. Kinachotoka ni maji uliyoyahitaji. Kuhusu kichwa cha asubuhi, kuna ukweli kidogo: pombe nyeupe iliyokenekwa vizuri ina mabaki machache ya uchachushaji kuliko brandi, na mabaki hayo huongeza maumivu. Hata hivyo mkosaji mkuu ni kileo chenyewe, na kiasi kikizidi, usafi wa jini hautakuokoa. Kuhusu malaria, ni kweli kwamba kwinini ni dawa na kwamba Waingereza nchini India waliinywa na jini ili kuupunguza uchungu wake. Lakini Marekani, kwa mfano, hairuhusu toniki kuwa na zaidi ya miligramu 83 za kwinini kwa lita, wakati mtu mzima anayetibiwa kwa kwinini hupewa karibu miligramu 600 mara tatu kwa siku. Piga hesabu mwenyewe: ungelazimika kunywa zaidi ya lita 20 za toniki kila siku. Ukiwa na homa Mwanza, nenda ukapimwe, upewe dawa mseto, na uiache chupa kabatini.

Sasa namna ya kuipata jini yako bila kubahatisha. Usinunue chupa nne. Nenda kwenye baa nzuri siku ambayo haina watu wengi, mapema jioni, ukamwombe mhudumu akupimie jini tatu katika glasi tatu ndogo, nusu toti kila moja. Ningechagua Tanqueray, Bombay Sapphire na Hendrick's, kwa sababu zimesimama mbali mbali. Mwombe mwenzako akugeuzie mgongo, abandike namba chini ya glasi na kuzichanganya, ili macho yako yasiione chupa ya kijani wala ya buluu. Zisiwe na barafu. Anza kwa kunusa ukiwa umeachama kidogo, glasi ikiwa chini ya kidevu kwanza, kisha uipandishe taratibu. Ukizamisha pua ndani mara moja, kileo kitakuchoma na hutanusa kingine kwa dakika kadhaa. Kisha tia maji ya kawaida kiasi kile kile cha jini, ukoroge, unuse tena. Utashangaa jinsi maji yanavyofungua harufu ambazo hazikuwapo. Onja kidogo, uizungushe mdomoni, na usikilize inakoishia: kuna inayoacha ukavu kama wa kutafuna jani, kuna inayoacha ganda la limau, kuna inayoacha manukato.

Andika maneno yako mwenyewe, si ya kwenye lebo. "Sabuni" ni neno halali kabisa, na "nyumba iliyopigwa dawa ya sakafu" pia. Baada ya hapo ongeza toniki, lakini isizidi mara tatu ya jini, uone ni ipi ambayo bado inasikika. Hapo utapata jibu ambalo orodha ya mtu mwingine haiwezi kukupa, kwa sababu unayoipenda ikiwa peke yake na maji si lazima iwe ile inayostahimili toniki. Kwa wengi, Bombay Sapphire hushinda katika glasi ya maji na kupotea katika toniki, huku Tanqueray, iliyoonekana kali mwanzoni, ikibaki imesimama. Glasi hizo tatu ni toti moja na nusu kwa jumla; hazihitaji kukulewesha, na ukifika mahali pa kutotofautisha, siyo siku ya kuendelea.

Nikuonye kuhusu chupa zinazouzwa kwa bei isiyoaminika. Majina makubwa ndiyo yanayoghushiwa zaidi. Kagua kizibo kama kimewahi kufunguliwa, lebo kama imenyooka, na stempu ya ushuru. Tanzania unaweza kuihakiki kwa simu kupitia programu ya Hakiki Stempu ya TRA, na Kenya KRA wana Soma Label. Jambo la kutisha kuhusu methanoli, ile pombe yenye sumu inayoweza kuwamo katika chupa za kughushi, ni kwamba huwezi kuitambua kwa ulimi. Februari 2024 watu zaidi ya kumi walikufa Kirinyaga, Kenya, kwa pombe yenye sumu. Mtu akinywa, kisha baada ya saa kadhaa akaona ukungu machoni, akaumwa tumbo sana au akapumua kwa kasi, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama anadai ni ulevi wa kawaida. Kusubiri hadi asubuhi ndiko kunakopofusha watu.

Kuna mengine ambayo barua yangu haiwezi kuyajibu na yanahitaji daktari aliyekaa mbele yako. Ikiwa unatumia dawa za kisukari, za kifafa, za kuzuia damu kuganda, au umepewa dawa ya bakteria iitwayo metronidazole, uliza kabla ya kuonja chochote. Aliyewahi kupata mzio wa kwinini aachane na toniki kabisa. Mjamzito asinywe, iwe jini au kingine. Na ikiwa Ijumaa imeanza kuzaa Jumatatu na Jumanne, au mikono hutetemeka asubuhi hadi upate kidogo, usijikatishe ghafla ukiwa peke yako nyumbani, kwa sababu kuacha ghafla kwa mtu aliyezoea sana kunaweza kuleta degedege. Mwone daktari akupangie. Wasomaji wa Kenya wanaweza kupiga 1192 ya NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, bila malipo.

Tumalizie na shemeji. Mwambie asikubebee Gordon's wala Tanqueray, maana zote mbili unaweza kuzinunua Mwanza, na haina maana kuvusha bahari mbili kitu kilichopo dukani. Kwa kuwa umezoea kinywaji kikavu kisicho na maua, ningemwagiza Plymouth, inayotengenezwa katika mji wa bandari wenye jina hilo, kwenye jengo la Black Friars ambako jini imekenekwa tangu mwaka 1793. Ina asilimia 41.2 ya kileo, mreteni wake ni wa upole, na mizizi yake huipa uzito fulani ulimini ambao Tanqueray haina. Akiikosa, Beefeater haitakuangusha: viungo vyake hulowekwa kwa saa 24 kabla ya mtambo kuwashwa, na ganda la machungwa machungu husikika wazi. Ikiwa baada ya zoezi la glasi tatu umegundua kwamba waridi ndilo lililokuvutia, futa ushauri huu wote na umwagize Hendrick's bila kuona haya. Abebe chupa moja tu, kwa kuwa abiria anayeingia Afrika Mashariki huruhusiwa lita moja ya pombe kali bila ushuru, na aifunge kwenye begi kubwa la kukabidhi, katikati ya nguo, si kwenye mkoba wa mkononi ambako inaweza kubakia kwa maofisa wa ukaguzi.